Tumbaku Imemkataa Levina

Ipuli, Tabora
14 Januari 2024

Kaka Gerson,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu Mama alitufundisha, si kwa sababu umeistahili wiki hii.

Hapa Ipuli hatujambo. Mvua inanyesha mpaka paka wangu amehamia juu ya kabati. Shule zimefunguliwa, nimepewa kidato cha tatu wote niwafundishe baiolojia peke yangu, na goti langu la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio. Msalimie wifi Eustadia. Mwambie karanga zilifika, ila Anton alizipunguza njiani. Alinikabidhi mfuko huku anatafuna.

Naandika kwa kalamu kwa sababu mwaka jana, nilipokufokea kwenye simu nawe umeweka sauti ya nje mbele ya wazee wenzako wa kanisa, ulisema siku nyingine nikiwa na neno niandike. Basi neno ninalo, na Anton atalileta siku ya mnada pamoja na mitumba yake.

Emilian alipita hapa Ijumaa. Nilimuuliza habari za mkewe, akatazama viatu. Mwanao huyo hasemi mpaka ashibe, kwa hiyo nilimpa chai, nikampa ugali, nikampa chai tena, ndipo akasema. Kwamba Levina, binti wa watu wa Choma mliyemleta kwa vigelegele, anatapika kila mkichuma tumbaku. Kwamba mwanzoni wifi alifurahi, akaanza kutafuta jina la mjukuu. Kwamba zahanati ikapima, mimba hakuna. Na kwamba tangu hapo mnasema tumbaku imemkataa, yaani ana dhambi ameificha. Kwamba mmeshamwombea, na asipopona mpaka Pasaka atarudishwa kwao "akapumzike".

Akapumzike! Nani aliwafundisha kumfukuza mtu kwa neno la upole hivyo? Mkwe anayerudishwa kwao bila mtoto na akiwa na sifa ya dhambi isiyojulikana, huko Choma atapumzikia wapi? Atahesabiwa na wazee wa kwao kama ng'ombe aliyerudi kilema.

Swali langu ni moja. Mnachuma asubuhi na umande, au jua likishatoka? Nijibu hilo kabla hamjamwekea mtu mikono kichwani tena.

Dada yako,
Recheli


Usoke
2 Februari 2024

Mdogo wangu Recheli,

Marahaba. Nimeipokea yenyewe, maelezo yake nimeyaacha kwenye bahasha.

Huku tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa, dume. Mahindi mabichi yapo, ungekuwa na adabu ungekuja kula. Eustadia anakusalimu na anasema karanga hazikupunguzwa na Anton, yeye ndiye alikupimia hizo. Barua yako ilichelewa kwa sababu barabara ilikatika na mnada haukufanyika.

Sasa kuhusu nyumba yangu, ambayo naona umeihamishia darasani kwako. Tunachuma asubuhi na umande, kama Baba alivyochuma. Ukisubiri jua, saa ngapi utafunga majani kwenye fito, saa ngapi utapakia bani, hiyo nyumba ya kukaushia, uwashe moto? Wewe tumbaku unaiona ikishakauka. Na huo umande una dhambi gani?

Hakuna aliyesema binti ni mchawi. Sisi ni watu wa kanisa. Mzee mwenzangu Zablon alisema tu kwamba mwili hautapiki bure, na kwamba shamba halimkatai mwenye moyo mweupe. Mimi nimechuma tangu nikiwa na kaptula, sijapata hata kichefuchefu. Zablon vilevile. Sasa kama ni umande, sisi umande unatuogopa?

Na wewe usijifanye mgeni wa jambo hili. Tumbaku ilikukataa mapema kuliko Levina. Ulitapika ndani ya kapu la Mama, ukapelekwa Tabora kwa shangazi, ukasoma, leo unatufokea kwa Kiswahili cha gazetini. Kuondolewa shambani kulikudhuru nini?

Kaka yako,
Gerson


Ipuli, Tabora
7 Februari 2024

Kaka Gerson,

Shikamoo. Nimefurahi ng'ombe amezaa salama. Paka ameshuka kabatini, goti limetulia. Habari ya kapu la Mama sikuiona kwenye barua yako. Nadhani wino ulififia pale.

Sasa kaa. Eustadia naye akae, maana nakuandikia wewe lakini naongea na mwenye akili katika nyumba hiyo.

Jani la tumbaku likilowa, nikotini iliyomo inatoka na kuyeyuka kwenye maji. Nguo ya Levina ikilowana na umande huo, ngozi yake inaunywa. Anakunywa tumbaku kwa mikono, kwa tumbo, kwa mgongo aliobebea majani. Halafu mnakaa mkimshangaa anatapika!

Utasema, jani linaujuaje mwili wa mtu? Hapo ndipo patamu. Zamani mabingwa wa Ulaya waliona neva, ile mishipa ya fahamu, kama waya, na waliamini kwamba mwisho wa waya cheche huruka ikauamuru msuli au moyo. Mwaka 1904 kijana mmoja Mwingereza alisema huenda neva inamwaga dawa fulani pale mwisho wake. Hakupata wa kumuunga mkono, akaenda zake kutibu wagonjwa. Unaona? Ulaya nako kulikuwa na akina Zablon, tena wenye digrii.

Mwaka uliofuata, mwalimu mmoja wa Cambridge aliandika habari za msuli wa kuku ambao neva zake zilikuwa zimekatwa zikafa. Aliutia nikotini. Nikotini, Gerson, hiyo hiyo ya shambani kwako. Msuli ukajikunja. Neva hakuna, cheche hakuna, na kuku mwenyewe hakuwa na dhambi yoyote inayojulikana. Akasema basi kwenye msuli kuna mahali pa kupokea, kama mlango, na nikotini inaujua mlango huo.

Halafu mwaka 1921, huko Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga, akaiweka kwenye maji ya chumvi. Akaishtua neva ya moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mwendo. Akachota maji yaliyokuwamo, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo! Moyo wa pili hakuna aliyeishtua neva yake. Ulipokea habari ndani ya maji. Na bado mabingwa wakabishana miaka na miaka, hawa watu wa cheche, wale watu wa supu, yaani maji yenye dawa, wakichekana mikutanoni kama wake wenza.

Wewe ni Mnyamwezi, hili halihitaji Mzungu akufafanulie. Babu zetu walikuwa wapagazi. Msafara ukitoka Ujiji na pembe, ukifika Tabora mizigo ilitua, wakaja wapagazi wengine wakaipokea kuelekea pwani. Neva nayo ikifika mwisho wake inatua mzigo. Hapo pana uwazi mdogo, na ng'ambo pana mlango. Ile dawa ndiyo mpagazi anayevuka. Na nikotini ni tapeli aliyevaa nguo za mpagazi: anabisha hodi, anafunguliwa, anaingia akitoa amri ambazo hakuna neva iliyozituma. Tumbo, tapika. Kichwa, zunguka. Tumbaku haikumkataa Levina, kaka. Ilimwingia.

Limebaki swali lako, kwa nini wewe na Zablon umande unawaogopa. Nashukuru umeliuliza mwenyewe kwa mkono wako. Mtu anayevuta, au anayenusa ugoro, milango yake imemzoea yule tapeli. Akibisha hodi walinzi wanamwambia pita tu, wala hawainuki kwenye viti. Watu wa namna hiyo huchuma majani mabichi asubuhi nzima wakipiga mluzi.

Sasa, kanisani kwenu kulima tumbaku ni riziki, kuivuta na kuinusa ni kosa la kusimamishwa uzee wa kanisa. Basi niambie, mzee wa kanisa uliyechuma tangu una kaptula bila hata kichefuchefu: mwili wako ulifahamiana naye wapi?

Sihitaji jibu. Tia mkono mfuko wa ndani wa koti lako la Jumapili, uone kama hakuna kikopo.

Recheli


Usoke
3 Machi 2024

Recheli,

Marahaba, ingawa hukunipa vizuri.

Watu wazima, ndama mzima. Mimi si mzima sana. Kichwa kinagonga tangu Kwaresma ianze, usingizi umekwisha, na juzi nimemfokea mbuzi mpaka Eustadia akatoka nje kuuliza nagombana na nani. Ukiona maandishi yanacheza ni mkono, si kalamu.

Habari ya mfuko wa koti haikufika. Labda ilidondoka kwenye basi.

Vyura wako nimewasoma. Jumapili nilimweleza Zablon akacheka mpaka akakohoa. Anasema tangu lini chura akawa shahidi wa mambo ya Mungu, na kama supu inaongea basi yeye angekuwa ameshahubiriwa na makongoro mengi. Waliokuwapo pale wote walicheka. Mimi nilicheka pia, maana ndimi mwenyekiti wa wazee.

Levina alianguka tena Alhamisi. Safari hii alibebwa. Wazee wameamua Jumatatu ya Pasaka Emilian ampeleke Choma. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, kabla hujauliza.

Kuna kitu nataka kujua, na usinijibu kwa makelele. Hao watu wa cheche waliishia wapi? Nani aliwashinda?

G.


Ipuli, Tabora
6 Machi 2024

Kaka Gerson,

Shikamoo, na hii ni nzima.

Anton amenipa barua akaniambia umekonda na una hasira hata na mnyororo wa baiskeli. Mwanzoni niliogopa malaria. Halafu nikasoma tena pale uliposema "tangu Kwaresma ianze", nikafunga mdomo. Ndiyo, mimi. Mwambie Eustadia aandike ukutani tarehe ya mfungo wako. Kunywa maji mengi, tembea jioni, usimguse mbuzi. Kichwa kitatulia.

Umeuliza nani aliwashinda watu wa cheche. Hakuna mtu aliyewashinda. Kinara wao alibisha kwa miaka mingi, kwa sauti kubwa kuliko Zablon. Mwishowe, mwaka 1951, yeye na wenzake waliingiza sindano nyembamba kuliko unywele ndani ya seli ya uti wa mgongo wa paka, wakitafuta ile cheche. Jaribio lao wenyewe likawakana. Naye hakulificha chini ya godoro. Alitangaza kwamba alikuwa amekosea, halafu akaanza kuihubiri supu kwa bidii ile ile aliyokuwa akiikejeli nayo. Watu wanamsifu kwa akili. Mimi namsifu kwa hiyo siku moja. (Paka wangu sijamsomea aya hii.)

Kwa Levina: asiguse jani mpaka umande ukauke. Mvua ikinyesha, asichume. Avae mikono mirefu, na mfuko wa nailoni juu ya nguo. Akilowa abadili, anawe kwa sabuni. Dawa ni hiyo tu, haina hata mstari mmoja wa Kilatini.

Na mkimpeleka popote, hatakwenda Choma. Jumamosi kabla ya Pasaka nakuja Usoke kwa treni, namchukua mimi, anakaa kwangu, na wazee wako waje Ipuli kumwombea mlangoni nikiwa nimesimama na mwiko.

Umeuliza kuondolewa shambani kulinidhuru nini. Wino umerudi, nimeisoma. Sikupelekwa Tabora kusoma, Gerson. Nilipelekwa nisilete mkosi kwenye bani. Kusoma kulitokea kwa sababu nyumba ya shangazi ilipakana na shule na yeye hakutaka mtoto anayekaa ndani bure. Mama hakunisindikiza hata stesheni. Nilikuwa natazama dirishani mpaka nguzo za Usoke zikaisha. Na mpaka leo nikisikia harusi yoyote yenye vigelegele najiuliza huyu naye watamrudisha lini.

Recheli


Usoke
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu Recheli,

Marahaba. Wote wazima, ndama ameanza kula majani. Eustadia anasema sasa nimepoa kiasi cha kukaa na watu. Nimekaa, na nina habari.

Unajua tunasaidiana kuchuma kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Jumanne ilikuwa zamu ya Zablon. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, majani yanadondosha maji. Levina nilimwacha nyumbani na Eustadia, nikasema wanikaushie mahindi. Mimi nikaingia mistarini na wenzangu, bila koti, mikono mitupu, majani nimeyakumbatia kifuani kama siku zote.

Kwaresma hii nilijinyima kitu kimoja. Ni kitu gani, ni kati yangu na Mungu na mfuko wa koti.

Mistari ya kwanza nilikuwa naongea. Halafu jasho la baridi. Halafu shamba likaanza kugeuka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nikafika mlangoni pa bani la Zablon, nikashika nguzo, na pale pale, mbele ya wazee wote wa kanisa la Usoke, nikatapika, Recheli, nikatapika hadi kifungua kinywa cha Jumatatu.

Kuku tu ndio waliokuja haraka.

Wakanibeba mpaka nyumbani. Levina ndiye aliyetoka mbio. Akasema, "Baba, usilale chali, utazunguka zaidi. Lala ubavu, fumba macho, usinywe chochote kwanza." Alikuwa anajua kila kituo cha safari ile. Alininawisha mikono kwa sabuni kama mtoto. Nilifumba macho, na si kwa sababu ya kizunguzungu peke yake.

Wazee walinifuata ndani. Zablon akainua mikono, akasema kwa upole ule wake, "Mzee Gerson, mwili hautapiki bure. Tuambie, ni dhambi gani umeificha?"

Nikamwambia, "Ile niliyokuwa nimeificha ndiyo iliyokuwa inanizuia kutapika."

Mikono yake ilibaki juu. Hakujua aishushe wapi.

Basi nikawaeleza yote, nikiwa nimelala ubavu: umande, kuku wa Cambridge, vyura, wapagazi. Yule tapeli nimempa jina la Anton, watu wakaelewa haraka. Nikasema mimi mwenyekiti nimekuwa nikinusa ugoro tangu kaptula, kwa hiyo waniondoe kwenye uzee wa kanisa wakipenda, lakini Levina haendi Choma, kwa sababu katika nyumba yangu mwenye moyo mweupe alikuwa ni yeye, na ndiyo maana alitapika. Emilian, ambaye huwa hasemi mpaka ashibe, alisema "Amina" akiwa na njaa.

Eustadia alitaka kunipiga kwa ugoro niliomficha, na nimekubali kwamba ana haki.

Na kuhusu stesheni. Mama alikuwepo. Alisimama nyuma ya ghala la reli, nami nikiwa nimeshika kanga yake. Alisema akitokeza utalia, nawe ukilia atakushusha. Treni ilipoondoka alikaa chini kwenye kokoto mpaka jua likazama. Nilikatazwa kukuambia. Nilidhani katazo linaendelea.

Kaka yako,
Gerson

Ijumaa Kuu
Anton hakuja mnadani, barua imelala hapa, kwa hiyo naongeza kisha nampa mtu wa basi la leo. Kesho njoo, lakini uache mwiko. Njoo ule mahindi.

Mambo yamegeuka. Tangu Jumanne ile, Usoke hakuna anayemchunguza anayetapika. Tunamchunguza asiyetapika. Mtu akichuma majani mabichi akabaki anapiga mluzi, macho yote yanamwendea mfukoni. Wanawake ndio wabaya zaidi; wanachuma huku wamegeuza shingo. Kwa hiyo jana, kwenye zamu yangu, nilisema tungoje umande ukauke. Zablon akakataa, akasema yeye hana cha kuogopa, akaingia peke yake majani yakiwa bado yanatiririka maji. Baada ya muda akashika tumbo, akapiga kelele "Jamani, jamani, haya majani!" akakimbilia nyuma ya bani, watu wakamsikia akitapika kwa sauti ambayo hata kwaya haijawahi kuitoa. Akarudi anajifuta mdomo, kifua mbele kama bwana harusi, kila mtu akimpa pole.

Mimi nilikuwa nyuma ya bani, nachukua kuni. Alitia kidole kooni.